Mkondo, Bamvua na Megawati: Lugha ya Majaribio ya Mitambo ya Kufua Umeme kwa Maji Yatiririkayo

Taarifa yoyote ya majaribio ya mtambo wa umeme hubeba tarakimu, na kila tarakimu hupata maana kutokana na neno lililo kando yake. Kusema kuwa mtambo "ulitoa megawati 2" na kusema kuwa "ulizalisha megawati-saa 2" ni kutoa habari mbili tofauti. Kusema kuwa mtambo "ulijaribiwa" hakuelezi kama ulizungushwa ndani ya hodhi la maabara kwa saa moja au uliachwa baharini mwaka mzima. Mfasiri anapokosea hapa, msomaji anayetaka kuamua kama mtambo huo unafaa kununuliwa au kusimikwa huamini jambo ambalo mhandisi hakulisema.

Makala haya yanafafanua maneno yanayohitajika katika kueleza majaribio ya mitambo inayofua umeme kwa nguvu ya mkondo wa bahari au wa mto. Hoja yake ni moja: matokeo ya jaribio la namna hii hayana maana mpaka yaambatane na hali ya maji yaliyopimwa. Kiswahili, kwa kuwa ni lugha iliyolelewa pwani, kina maneno ya kutosha ya kuieleza hali hiyo. Kinachotakiwa ni kuyatumia kwa uangalifu.

1. Maji yapi yanayozungumziwa?

Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki, "umeme wa maji" ni umeme wa bwawa. Kidatu, Mtera, na Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, hufanya kazi kwa kanuni moja: maji huzuiwa, hukusanywa, kisha huachiwa yashuke kwa kishindo kwenye mitambo iliyo chini. Mambo makuu yanayopimwa hapo ni kimo cha maji na wingi wake kwa kila sekunde.

Mitambo tunayoizungumzia haizuii maji. Husimikwa ndani ya mto au katika mlangobahari, mahali ambapo maji hupita kwa kasi, nayo huzungushwa na mwendo huo. Kinachopimwa ni kasi ya mkondo. Kwa hiyo, ni vyema kuandika "umeme wa mkondo wa maji" badala ya "umeme wa maji" pekee, ili msomaji asijengewe picha ya ukuta na ziwa.

Tahadhari nyingine inahusu bahari. Maneno "umeme wa maji kujaa na kupwa" hayatoshi kueleza aina ya mtambo. Huko La Rance, nchini Ufaransa, kituo chenye uwezo wa megawati 240 kimekuwa kikitumia kujaa na kupwa kwa bahari tangu mwaka 1966, lakini hufanya hivyo kwa kujenga ukuta wa kuzuia maji. Hicho ni kituo cha bwawa, ingawa bwawa lenyewe hujazwa na bahari.

Vilevile, wimbi si mkondo. Wimbi hupandisha na kushusha maji kwa msukumo wa upepo, ilhali mkondo ni mwendo wa maji kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Tofauti hii si ya kilugha tu. Kituo cha Nishati ya Bahari cha Ulaya, kijulikanacho kwa kifupi kama EMEC, kilichoanzishwa mwaka 2003 katika visiwa vya Orkney huko Uskoti, kina maeneo mawili makuu ya majaribio yaliyo mbalimbali. Mitambo ya mawimbi hupelekwa Billia Croo, inakopigwa na bahari kuu ya Atlantiki. Mitambo ya mkondo hupelekwa Fall of Warness, karibu na kisiwa cha Eday, ambako maji hubanwa kati ya visiwa na kasi yake hukaribia mita 4 kwa sekunde wakati wa bamvua. Mfasiri anayeandika "umeme wa mawimbi" kwa mtambo wa Fall of Warness amempeleka msomaji kwenye bahari nyingine.

Neno "mkondo" lenyewe lina maana mbili zinazoweza kugongana ndani ya ripoti moja: mkondo wa maji na mkondo wa umeme. Sentensi "mkondo uliongezeka ghafla, mtambo ukazimwa" haieleweki. Je, ni maji yaliyokwenda kasi, au ni umeme uliopita kwa wingi katika kebo? Katika maandishi ya kitaalamu, itajwe aina ya mkondo kila inapohitajika, hata kama kurudia huko kunapunguza utamu wa sentensi.

Sehemu ya mtambo inayozungushwa na maji yaweza kuitwa rafadha, neno linalotumika kwa kile kinachozunguka nyuma ya meli. Kwenye meli, injini huzungusha rafadha ili isukume maji. Kwenye mtambo wa mkondo, maji huzungusha rafadha ili izungushe jenereta. Neno ni lile lile, ila kazi imegeuzwa.

2. Kujaribu, kupima na kuthibitisha

Kitenzi "kujaribu" kina maana ya kutia bidii ili kufanya jambo, na pia maana ya kukiweka kitu katika hali fulani ili kuona kitakavyokuwa. Linganisha:

Wahandisi wanajaribu kusimika mtambo. (Bado hawajafaulu kuusimika.)
Wahandisi wanaufanyia mtambo majaribio. (Umekwisha kusimikwa, nao unachunguzwa.)

Utata huu umo pia katika nomino "jaribio", ambayo hutumika hata katika "jaribio la mapinduzi". Katika taarifa za kihandisi, kirai "kufanyia majaribio" huondoa shaka.

"Kupima" ni kupata tarakimu kwa kutumia kifaa. Mtu anaweza kupima bila kujaribu: kabla mtambo haujaletwa, watafiti hupima kasi ya mkondo kwa majuma au miezi. Kifaa kinachotumika sana huwekwa chini ya bahari au hufungwa kwenye mtambo; hutuma sauti ndani ya maji na kupokea mwangwi unaorudishwa na chembe zinazoelea. Mabadiliko ya sauti inayorudi hueleza chembe hizo zinakwenda kwa kasi gani, na kwa hiyo maji yanakwenda kwa kasi gani katika kila kina.

"Kuthibitisha" ni hatua ya juu zaidi. Hapa matokeo hulinganishwa na kanuni iliyokubaliwa, na asiyekuwa mwenye mtambo huhusika kuyahakiki. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme (IEC) ilitoa mwaka 2013 mwongozo wa namna ya kupima utendaji wa mitambo ya mikondo ya bahari, ili mitambo ya kampuni mbalimbali ipimwe kwa mizani moja. Kwa hiyo, usiandike "imethibitishwa" pale ambapo matini ya awali inasema tu kwamba mtambo ulifanyiwa majaribio na waliouunda.

3. Kutoka hodhi hadi bahari kuu

Majaribio hupangwa kwa hatua, na kila hatua hujibu swali lake. Hatua ya kwanza hufanywa kwa modeli, yaani umbo dogo la mtambo, ndani ya hodhi. Mhandisi Mwingereza William Froude alikuwa na hodhi la kuvutia modeli za meli huko Torquay katika miaka ya 1870, na kanuni ya ulinganifu inayobeba jina lake ingali inatumika. Hodhi la FloWave katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, lililofunguliwa mwaka 2014, ni la duara lenye kipenyo cha mita 25. Humo mawimbi na mikondo huweza kutengenezwa kutoka upande wowote.

Kwa kanuni ya Froude, modeli iliyopunguzwa mara 25 hufanyiwa majaribio kwa kasi iliyopunguzwa mara 5, kwa kuwa 5 ni kipeo-mraba cha 25. Mkondo wa mita 3 kwa sekunde baharini huwakilishwa na mkondo wa mita 0.6 kwa sekunde ndani ya hodhi. Nguvu hupungua zaidi sana: wati 1 ya modeli hiyo hulingana na takriban kilowati 78 za mtambo kamili. Ndiyo sababu kosa dogo la kipimo hodhini huwa kosa kubwa likihamishiwa baharini. Isitoshe, msuguano wa maji kwenye mapanga ya rafadha haupungui kwa uwiano huo huo. Modeli hutoa dalili, haitoi hukumu.

Historia ya mhandisi Peter Fraenkel inaonyesha hatua hizi vizuri, nayo inaanzia barani Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishiriki katika kuufanyia majaribio mtambo mdogo katika Nile Nyeupe, mjini Juba. Mkondo wa mto ulizungusha rafadha, na kazi yake ilikuwa kusukuma maji ya kumwagilia. Mwaka 1994 kanuni hiyo hiyo ilijaribiwa katika maji ya bahari huko Loch Linnhe, Uskoti, kwa mtambo wa kilowati 15. Mwaka 2003 ukafuata Seaflow, mtambo wa kilowati 300 nje ya pwani ya Lynmouth, Uingereza. Mwaka 2008 ukasimikwa SeaGen, wenye rafadha mbili na uwezo wa megawati 1.2, katika mlango wa Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini.

Mtambo wa Seaflow haukuunganishwa na gridi. Umeme wake uligeuzwa kuwa joto na kuachwa upotee, kwa sababu swali la hatua hiyo lilikuwa kama mtambo unaweza kuhimili bahari na kufanya kazi kama ilivyokadiriwa. Mfasiri asishangae kukuta mtambo "uliozalisha umeme" bila "kusambaza umeme". Huko Strangford Lough kulikuwa na swali jingine: je, rafadha zitawadhuru sili waishio humo? Mtambo uliendeshwa chini ya uangalizi wa mazingira, na ulisimamishwa wakati wanyama walipoonekana kuukaribia. Hilo nalo ni jaribio, ingawa halihesabiwi kwa megawati.

4. Bamvua, maji mafu na kipeo cha tatu

Nguvu iliyomo katika maji yatiririkayo hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikizidishwa mara 2, nguvu huzidi mara 8. Katika maji ya bahari, kila mita moja ya mraba inayokabili mkondo hupitiwa na takriban:

wati 510, kasi ikiwa mita 1 kwa sekunde;
wati 4,100, kasi ikiwa mita 2 kwa sekunde;
wati 13,800, kasi ikiwa mita 3 kwa sekunde.

Rafadha haiwezi kuichukua nguvu yote hiyo, kwani maji yakinyang'anywa mwendo wote yatasimama na kuziba njia. Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba katika mkondo ulio wazi pande zote, kikomo ni asilimia 59.3. Uwiano kati ya nguvu inayotolewa na mtambo na nguvu iliyomo katika mkondo unaoupitia ndio unaoitwa ufanisi. Atakayekuta taarifa ya mtambo wa mkondo ulio wazi wenye ufanisi wa asilimia 80 na airejee hesabu, kwani huenda asilimia hiyo ni ya jenereta peke yake.

Hapa ndipo msamiati wa wavuvi na mabaharia unapokuwa msamiati wa maabara. Mpwani anajua kwamba maji hujaa na kupwa takriban kila baada ya saa 12 na dakika 25, na kwamba baina ya kujaa na kupwa kuna muda mfupi ambapo maji husimama kabla ya kugeuka. Anajua pia kwamba karibu na mwezi mpevu na mwezi mwandamo huja bamvua, wakati maji yanapojaa sana na kupwa sana, na kwamba baina ya nyakati hizo huja maji mafu, wakati tofauti hiyo inapokuwa ndogo. Bamvua huja na mikondo mikali. Maji mafu huja na mikondo dhaifu.

Tuchukue mahali ambapo kasi kubwa ya mkondo wakati wa maji mafu ni nusu ya ile ya bamvua. Nguvu yake haitakuwa nusu. Itakuwa sehemu 1 kati ya 8. Mtu akiupima mtambo siku tatu za bamvua na kutangaza wastani wake, atakuwa hajasema uongo kuhusu siku hizo, lakini msomaji atadanganyika kuhusu mwezi. Jaribio la haki hupita katika bamvua na maji mafu, katika kujaa na kupwa, na kila kipimo cha nguvu huandikwa pamoja na kasi ya mkondo ya wakati huo huo. Vipimo hivyo hupangwa katika mafungu ya kasi, na wastani wa kila fungu huunda mchoro wa utendaji wa mtambo.

Kwa mfasiri, funzo ni hili: "bamvua" na "maji mafu" si mapambo ya kishairi ya kuepukwa katika ripoti ya kisayansi. Ni istilahi fupi, sahihi na kongwe. Kuandika "kipindi cha maji mengi" badala ya bamvua ni kupoteza usahihi, kwa kuwa maji mengi yanaweza pia kuwa ya mafuriko au ya kujaa kwa kawaida.

5. Kani, nguvu, uwezo na nishati

Katika mazungumzo, "nguvu" hubeba maana nyingi. Katika taarifa ya majaribio, maneno manne yafuatayo yatenganishwe.

Kani ni msukumo. Mkondo huitia rafadha kani, na nguzo au minyororo ya nanga lazima ihimili kani hiyo.
Nguvu ni kiasi cha nishati kinachotolewa kwa kila sekunde. Hupimwa kwa wati, kilowati au megawati.
Uwezo ni nguvu ya juu ambayo mtambo umeundwa kuitoa. Nao hupimwa kwa megawati, lakini ni sifa ya mtambo, si tukio.
Nishati ni jumla iliyopatikana katika muda fulani. Hupimwa kwa kilowati-saa, megawati-saa au gigawati-saa.

Mtambo wa SR2000, wenye uwezo wa megawati 2, ulifanyiwa majaribio huko Fall of Warness na kuzalisha zaidi ya gigawati-saa 3 katika mwaka mmoja. Kama ungefanya kazi kwa uwezo wake wote kwa saa zote 8,760 za mwaka, ungezalisha gigawati-saa 17.5. Ulizalisha basi takriban asilimia 17 ya kiasi hicho. Msomaji asiyezoea ataiona asilimia hiyo kuwa ndogo, lakini ndani yake zimo saa za maji kusimama, siku za maji mafu, na nyakati ambapo mtambo ulizimwa ili ukaguliwe. Zaidi ya hayo, uwiano huu si ufanisi. Ufanisi hulinganisha mtambo na maji yanayoupitia. Uwiano huu hulinganisha mtambo na uwezo wake wenyewe.

Mrithi wa mtambo huo, O2, wenye urefu wa mita 74 na rafadha mbili za kipenyo cha mita 20 kila moja, uliunganishwa na gridi mahali hapo hapo mwaka 2021. Nao una uwezo wa megawati 2. Ni sahihi kuandika "wenye uwezo wa megawati 2". Si sahihi kuandika "unaozalisha megawati 2 kwa mwaka", kwani megawati haina mwaka ndani yake.

6. Mtambo ukivunjika

Mnamo Novemba 2009, mtambo wa megawati 1 uliteremshwa katika Ghuba ya Fundy, Kanada, mahali penye tofauti kubwa mno ya kujaa na kupwa. Baada ya majuma machache mapanga yake yaliharibika, kwa kuwa mikondo ilikuwa na nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Mtambo ulipandishwa juu Desemba 2010.

Je, tuseme "jaribio lilishindwa"? Maneno hayo yanafaa pale ambapo jaribio halikutoa jibu, kwa mfano vipimo vilipopotea. Huko Fundy mtambo ndio ulioshindwa kuhimili mkondo, ilhali jaribio lilifichua kwamba mkondo ulikuwa umekadiriwa chini ya ulivyo. Tuseme basi: "Mtambo uliharibika wakati wa majaribio." Sentensi hiyo haifichi hasara, wala haigeuzi maarifa yaliyopatikana kuwa aibu.

7. Jadidifu, mbadala na kawi

"Nishati jadidifu" ni ile ambayo chanzo chake hujirudia chenyewe, kama jua, upepo na mkondo wa bahari. "Nishati mbadala" ni ile inayochukua nafasi ya nyingine: gesi inaweza kuwa mbadala wa kuni bila kuwa jadidifu. Maneno haya mawili hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni visawe. Katika maandishi rasmi yatenganishwe. Nchini Kenya neno "kawi" limeenea mahali ambapo Tanzania husema "nishati", na yote mawili yanakubalika mradi mwandishi ashike moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kadhalika, "kufua umeme" na "kuzalisha umeme" yana maana moja, la kwanza likisikika zaidi nchini Tanzania.

8. Maswali matatu kabla ya kufasiri tarakimu

Kabla ya kuhamisha tarakimu yoyote ya majaribio kutoka lugha moja kwenda nyingine, mfasiri ajiulize: Je, ni nguvu, uwezo au nishati? Je, ilipatikana hodhini, mtoni au baharini, kwa modeli au kwa mtambo kamili? Je, mkondo ulikuwa na kasi gani, na kipimo kilipita katika bamvua na maji mafu au katika kimojawapo tu?

Matini ya awali isipojibu mojawapo ya maswali hayo, mfasiri asilijibu kwa kubuni. Aiache tarakimu ilivyo, achague neno lisilodai zaidi ya linalojulikana, na amwarifu aliyempa kazi kwamba kipimo hakikukamilika. Mwalimu naye aweza kuwapa wanafunzi taarifa ya gazeti kuhusu mtambo wowote wa umeme, awatake waweke neno sahihi mbele ya kila tarakimu. Palipo na neno "nguvu" lililokaa mahali pa "nishati", ndipo somo lianzie.